Asilimia 3.6 ya Harvard ina maana gani kwa mwanafunzi wa kidato cha sita?

Mwalimu wa Moshi:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Mwanafunzi wangu wa PCM anayefanya vizuri sana ameniomba barua ya mapendekezo ya kuombea Harvard. Nimesoma kwamba kwa kundi linalotarajiwa kuhitimu mwaka 2028, waombaji walikuwa 54,008 na waliokubaliwa 1,937, yaani asilimia 3.6. Je, nimwambie ana nafasi moja kati ya 28, au hesabu hiyo inapotosha?

Msomi wa Boston:
Shikamoo Mwalimu. Hesabu ni sahihi, ila huo ni wastani wa watu wanaopitia milango tofauti. Ushahidi uliotolewa katika kesi ya kuzingatia rangi katika udahili wa Harvard, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023, ulionyesha kwamba, katika miaka ya udahili iliyochunguzwa, wanamichezo waliosakwa na makocha walikubaliwa kwa asilimia 86 na watoto wa wahitimu kwa takriban theluthi moja. Ukiwaondoa hao, nafasi ya mwombaji wa kawaida inashuka chini ya wastani unaotangazwa. Wenye A tupu nao ni wengi kuliko viti, kwa hiyo barua yako isiishie kusema kijana ana bidii na nidhamu. Kama aliwahi kufufua voltimita iliyokufa maabara, eleza aliifunguaje, alikuta nini ndani na nani anaitumia sasa.

Mama Faraja:
Mwalimu, kwa sisi wa huku kinachoamua ni fedha. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa vyuo vichache ambavyo haviangalii uwezo wa familia vinapochagua, hata kwa mwombaji wa kigeni, kisha hufidia kila kiasi ambacho familia imeonekana haikiwezi. Vyuo vingi vingine humhesabia mgeni ombi la msaada kuwa sababu ya kumwacha, kwa hiyo chuo kinachokubali asilimia 15 ya waombaji huenda kikawa kigumu zaidi kwa mtoto wa mkulima wa kahawa kuliko hicho cha asilimia 3.6. MIT nayo, pamoja na ukarimu wake, ina ukomo wa idadi ya wageni.

Mzee wa Takwimu:
Naongezea kuhusu sura ya kundi lenyewe. Baada ya hukumu hiyo iliyozuia kuzingatia rangi, wanafunzi weusi walioingia MIT mwaka 2024 walikuwa asilimia 5, ilhali miaka iliyotangulia walikuwa takriban 13. Mwanafunzi wako asijisome humo, kwa sababu takwimu rasmi za Marekani humweka mgeni katika fungu lake, awe Mtanzania au Mchina.

Mwalimu wa Moshi:
Ahsanteni sana. Je, SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ni lazima?

Msomi wa Boston:
Kwa kawaida ndiyo, Mwalimu. Harvard iliirudisha, au mtihani mwenzake wa ACT badala yake, kuanzia walioingia mwaka 2025. Ajisajili mapema, maana vituo vya mtihani ni vichache.