Mzee katuachia bunduki 2 za kijeshi za zamani, tuuze au tubaki nazo?

Mgosi wa Makorora:
Habari za jioni wakuu. Mzee wetu alitangulia mwezi wa 4, tukamzika kijijini Muheza, arobaini imepita sasa tumeingia kwenye mirathi. Nyumba haina shida, michungwa tushaelewana, kilichotukwamisha ni bunduki. Mzee alikua na 303 yake ya kufukuzia ngedere na nguruwe, kijiji kizima wanaijua, kitabu chake cha leseni kipo ila kulipiwa nadhani ni muda sana. Sasa tulivyoshusha vitu darini tukakuta na nyingine, imefungwa kwenye gunia la mkonge halafu ikazungushiwa kamba kama maiti, ndefu hiyo ukiisimamisha inanifika kifuani, mti wake mweusi tii na inanuka mafuta ya nazi yaliyochacha. Hii hata maza hakuwahi kuisikia, miaka yote hiyo kalala chini yake. Karatasi hakuna.

Tupo watatu. Bro mkubwa yupo Dar anasema tuuze zote, kaona mtandaoni kule Marekani zinaenda hela ndefu. Sista anataka zitoke hata kwa bure, ana watoto watundu. Mimi ndo nasita maana tumekua tukiambiwa ile 303 babu yake mzee aliiokota vita ya Mjerumani hapa Tanga, ile ya nyuki, askari wa Kihindi wa Mwingereza walipotupa silaha wakakimbilia baharini. Naona kama tunauza mtu. Aliyepitia hii anisaidie, na tafadhali asinifuate mtu inbox kuuliza bei.

Chombeza Raskazone:
Mgosi hiyo ya gunia isijekua gobore tu la kupigia kanga, mnagombana bure ndugu 😂 weka picha

Mama Tuma:
Poleni na msiba. Chombeza acha utani, na wewe mwanangu usiweke picha yoyote humu, wezi nao wanasoma. Nikwambie langu. Marehemu mume wangu alikua na shotgani, ya halali kabisa, alipofariki nikaifungia kabatini nikasema ya mwanangu huyu akikua. Mwaka ukapita. Siku naenda kituoni kuuliza jambo lingine kabisa nikaitaja tu kwenye mazungumzo, yule afande akaweka kalamu chini akanitazama, mama unajua unamiliki silaha kinyume cha sheria? Nilitetemeka. Mimi ninayeogopa hata mende! Kumbe leseni ni ya mtu, sio ya nyumba wala ya ukoo, mtu akifa na leseni imekufa, bunduki inatakiwa irudi polisi ndo anayeitaka aombe kwa jina lake. Walinielewa nikaisalimisha ikaandikwa kwenye kitabu nikapewa karatasi. Kijana wangu aliomba baadae, aliambiwa mpaka afike miaka 25, basi tukaiacha hukohuko na sijaijutia.

Afande Mstaafu:
Mama kamaliza karibu yote. Kijana unauliza swali la 3 kabla ya la 1. Uuze au ubaki nazo, vyote hivyo kwa sasa huna uwezo navyo. Hiyo yenye kitabu njia yake ipo wazi: msimamizi wa mirathi akishateuliwa mahakama ya mwanzo, mnaipeleka na kitabu chake na cheti cha kifo, anayetaka kurithi anaanza maombi serikali ya kijiji au mtaa, wanamjadili tabia yake, ndo inapanda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na kuendelea. Wenye makosa yao wanakwamia hapohapo kijijini. Na kuuza pia unamuuzia mwenye kibali tu, huyo "mtu wa Dar" wa kaka yako kama hana kibali mtakua mmeuza jela.

Hiyo ya darini ndo inanipa wasiwasi. Mlipoiona mkaiacha, imekua yenu. Kuna watu watakwambia subiri Septemba, kweli Umoja wa Afrika umeufanya mwezi wa msamaha wa silaha na hapa kwetu 2022 ilitangazwa Septemba na Oktoba watu wakasalimisha bila kushtakiwa, ila mtu ambaye kaikuta msibani anaenda LEO na mwenyekiti wake, anaeleza ilivyopatikana, haina haja ya kuvizia tarehe. Na usije ukapanda nayo daladala kwenye hilo gunia nakuomba, nenda mikono mitupu utoe taarifa, waje wao waichukue. Sheria ya silaha ya 2015 haina cha kusema hii ni kutu tu ya babu.

Kutu na Baruti:
Afande yupo sawa, mi naongezea upande wa chuma maana nimekaa na hizi vitu miaka (kwa vitabu na makumbusho jamani, msinipigie simu). Mgosi kabla hawajaja kuichukua angalia tu maandishi, USIVUTE kitu, kidole mbali na kifyatulio, mtutu uelekee nje pasipo na mtu na uchukulie ina risasi mpaka afande aseme haina. Kwenye 303 angalia bati la chuma nyuma ya bolti (kile chuma cha kuvuta na kufungia risasi) upande wa kulia, chini ya taji. Kwenye ile ndefu angalia ubavuni kushoto. Niandikie ulichoona.

Mgosi wa Makorora:
Nimesafiri wikiendi nimeangalia na tochi ya simu. 303: taji, GR, BSA CO, 1916, SHT LE halafu III na kinyota. Ile ndefu imeandikwa kwa yale maandishi ya kujikunjakunja ya Kijerumani, I.G.Mod.71. Haina magazini, chini ni mti mtupu. Tundu la mtutu kidole changu kidogo kinaingia ncha!!

Kutu na Baruti:
Dah. Kaa chini mgosi.

Vita ya Tanga ilikua Novemba 1914, tarehe 2 mpaka 5. Hiyo 303 imetengenezwa Uingereza 1916. Kwa hiyo babu wa mzee hakuiokota ufukweni, haikuwepo duniani bado. Ni kweli Waingereza waliacha silaha, watu elfu 8 walishindwa na elfu 1 hivi wa Mjerumani, wakaacha bunduki zaidi ya mia 4 na bombom (bunduki za rashasha) 16 na risasi kama laki 6, ila hii yenu siyo mojawapo. Hii labda imekuja baadae sana, mashamba ya mkonge walikua nazo za walinzi, zikaja kuuzwa.

Sasa hiyo ya gunia ndo habari. Hiyo ni Mauser ya 1871, inapiga risasi moja moja, milimita 11, inatumia baruti ya zamani inayotoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Askari weusi wa Mjerumani wengi walikua bado wanapewa hiyo 1914 wakati Wazungu wenyewe washaiacha siku nyingi, ukipiga moja tu moshi unamwonyesha adui ulipo. Siwezi kusema ya kwenu ilikua ya nani. Lakini mtu anayeificha darini kwenye gunia na kuipaka mafuta ya nazi kizazi hadi kizazi hajaiokota. Mimi ningeanza kuuliza wazee kama huyo babu wa mzee alikua askari wa Mjerumani, na kwa nini hadithi ikahamia kwenye bunduki nyingine ile ya halali.

Habari ya Marekani mwambie bro: kule silaha iliyotengenezwa 1898 kurudi nyuma sheria yao ya 1968 inaihesabu ya kale, haihitaji leseni ya shirikisho, ndo maana anaona watu wanauziana kirahisi. Hiyo ni ambayo iko Marekani tayari. Ya kwako iko Muheza. Na kutu msiisugue, msipeleke kwa fundi yoyote "aijaribu", chuma kimechoka hicho kitamtoa jicho.

Ushauri wangu: 303 kama kuna anayelima na anaihitaji kweli aombe, la sivyo acheni. Hiyo 71 isalimisheni, halafu kwa maandishi muombe iangaliwe kama inaweza kwenda makumbusho pale Boma ya zamani ya Mjerumani Tanga mjini badala ya kuharibiwa. Hapo hata mjukuu wako ataiona.

Chombeza Raskazone:
Nafuta kauli yangu ya gobore 🙏

Mgosi wa Makorora:
Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa. Tulienda na mwenyekiti, wakaja askari 2, hawakuwa na ukali wowote, mmoja aliifungua bolti ile ndefu kwa shida akachungulia, tupu. Zimeandikwa zote, na barua ya makumbusho tumeiambatanisha, jibu bado. 303 hakuna anayeomba, bro kanuna kidogo lakini kitabu kimelala miaka 6 bila kulipiwa, alipoona hivyo akanyamaza mwenyewe.

Nimemuuliza shangazi, yule mkubwa kabisa. Akasema babu wa mzee alikua na kovu begani na mkiwa na moto wa kuni mbichi alikua anatoka nje hasemi kitu. Wao walidhani ni pumu.

Gunia limebaki, maza kalifua kaanikia nazi.