Msaada: daftari la mapishi la mama, nilamineti kwa plastiki ya maikroni 80 au 125?

Mrithi wa Sufuria
Wakuu, habari za jioni. Nina daftari la mapishi la mama, kurasa 62, limeanzwa 1961 (tarehe ipo ukurasa wa kwanza). Katikati vimechomekwa vipande kama kumi vya karatasi. Kurasa zinakatika kwenye mkunjo, nyingine zimelowa mafuta mpaka maandishi ya nyuma yanasomeka mbele. Nataka wajukuu walikute. Nimeamua kulamineti zote, swali ni moja tu, unene wa plastiki: maikroni 80 au 125? Naomba majibu ya haraka, nina sababu zangu.

Kimya Kingi
Nimekaa siti ya mbele. Wataalamu waje.

Mpekuzi wa Stoo
Jibu ni sifuri. Usilamineti kabisa. Plastiki ile inashika kwa gundi inayoyeyuka, na ikishaingia kwenye nyuzi za karatasi huitoi bila kuchana. Asidi ya karatasi yenyewe nayo inafungiwa humo, inaendelea kuila taratibu.

Tafuta mifuko angavu ya poliesta au polipropilini, ukurasa mmoja kila mfuko, upande mmoja uachwe wazi. Ya PVC iache, utaijua kwa ile harufu kali ya plastiki mpya. Baada ya muda inanata na kunyofoa wino. Kabla ya kuingiza ukurasa, pitisha brashi laini kwenye mkunjo utoe unga na makombo, maana mende hafuati maandishi, anafuata sukari. Selotepu pia hapana, inageuka njano na kuacha doa lisilotoka. Palipochanika weka karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, paka kidogo sana, ikaukie chini ya kitabu kizito.

Mrithi wa Sufuria
Asante mkuu, ila mfuko ulio wazi hauzuii maji. Daftari hili linakaa jikoni na linatumika. Laminesheni unapitisha kitambaa tu, limekwisha. Halafu mashine nimeshanunua.

Mizani Haidanganyi
Jikoni inakaa nakala. Hiyo ilamineti hata mara tatu, hakuna atakayekuuliza.

Ila mnahangaika na karatasi wakati ugonjwa uko kwenye vipimo. Fungua ukurasa wowote: si umeandikwa "vikombe vitatu", "chumvi kiasi", "mpaka iwe tayari"? Mjukuu atafanya nini na hayo? Kikombe kipi? Kijaze maji mpaka pale mwandishi alipokuwa anaishia, upime: gramu 1 ya maji ni mililita 1. Unga ndio hatari zaidi. Kikombe cha mililita 240, ukijaza kwa kijiko unapata kama gramu 120. Ukikizamisha kwenye mfuko unafika 150. Kwa vikombe vitatu tofauti ni gramu 90, na donge la mkate linatoka jingine kabisa. Ndiyo maana watu husema "nimefuata mapishi ya bibi lakini haikutoka", wanamlaumu bibi.

Kalamu ya Risasi
Kabla ya vyote hivyo, picha. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, kurasa zilizofifia 600, kwa rangi, hata kama wino ni mweusi. Doa la mafuta ni sehemu ya ushahidi, ukurasa wenye madoa mengi ndio uliopikwa sana. Pale maandishi ya nyuma yanapojitokeza, weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa. Huna skana, tumia simu karibu na dirisha, bila flashi, simu iwe sambamba na ukurasa. Jina la faili liwe na namba ya ukurasa kwanza. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Ukitaka kuongeza maelezo kwenye ukurasa halisi, penseli tu, nyuma, bila kukandamiza.

Mpekuzi wa Stoo
Mleta mada, umesema mashine umeshanunua. Umeshapitisha kurasa ngapi?

Mrithi wa Sufuria
Nne. Tatu zimetoka safi kabisa.

Kimya Kingi
Na ya nne?

Mrithi wa Sufuria
Ya nne si ukurasa, ni kimoja cha vile vipande, chenye mapishi ya mkate wa maziwa. Kimeandikwa kwenye risiti ya dukani, karatasi laini. Kimetoka cheusi. Chote. Jamani, karatasi ilikuwa nyeupe kama nyingine, mtu yeyote angepitisha. Ndiyo maana nauliza unene, nahisi plastiki nene ndiyo iliyozidisha joto.

Kalamu ya Risasi
Unene hauhusiki. Risiti za namna hiyo hazichapwi kwa wino, karatasi ina dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine yako inapita nyuzi 100. Ungetumia plastiki nyembamba kama uzi ingekuwa hivyo hivyo.

Yafuatayo fanya leo. Kwanza, vipande vilivyobaki: chagua kona isiyo na maandishi, ikwaruze haraka kwa ukucha. Ukitokea mstari mweusi, ni karatasi ya joto. Ipige picha sasa hivi, kwa sababu hata ukiihifadhi vizuri itafifia yenyewe. Pili, kile cheusi kigeuze. Dawa huwa upande mmoja tu, na watu wengi huandika mgongoni. Tatu, kama aliandika kwa bolpeni upande wenye dawa, ncha huacha mfereji. Zima taa, weka tochi ubavuni usawa wa meza, zungusha kipande taratibu huku ukipiga picha. Gundi itakuwa imejaza sehemu ya mifereji, lakini aliyekuwa anakandamiza kalamu anaweza kusomeka. Spiriti usiguse.

Mrithi wa Sufuria
Nimegeuza. Viambato viko nyuma, vinasomeka kijivukijivu. Hatua na vipimo vilikuwa mbele. Kwa tochi naona "7" na "mpaka" basi.

Chungu Kipya
Samahani wakuu, mimi hapa nanusa chai. Daftari la 1961, mama huyo huyo anaandika kwenye risiti za karatasi ya joto? Na hiyo "7" bila shaka ni gramu 7 za hamira ya papo hapo, ambayo imeingia sokoni miaka ya 1970. Mleta mada anatufunga kamba, kesho atatuuzia mashine ya laminesheni.

Kimya Kingi
Chai ina maziwa, mkate ndio huo umeungua.

Mrithi wa Sufuria
Si chai. Aliyelianza ni bibi, mama akalirithi. Sikuona kama lina umuhimu. Ukurasa wa 9 una mkate huo huo kwa mwandiko wa bibi, na kweli kuna "21" imekatwa, juu yake "7" kwa wino mwingine.

Mpekuzi wa Stoo
Halina umuhimu! Ndugu, hapo ndipo penye mali. 21 ni hamira mbichi, 7 ni ya papo hapo. Ukibadilisha mbichi kwa ya papo hapo unatia theluthi moja ya uzito, mama yako hakukosea. Una mapishi mawili katika mstari mmoja. Ukinakili usiyaunganishe. Andika lililokatwa na lililoandikwa juu, kila mwandiko na alama yake. Waliochapa upya madaftari ya familia wakabakiza "toleo la mwisho" tu ndio waliofuta nusu ya urithi.

Chungu Kipya
Haya, chai naimwaga. Sasa mama mwenyewe yuko wapi? Maana unamzungumzia kama marehemu.

Mrithi wa Sufuria
Yuko chumba cha pili. Hajui kama nimechukua daftari.

Kimya Kingi
😂😂😂

Bi Mwiko
Astaghafiru. Mwandishi yuko hai, mnamulika karatasi kwa tochi! Nenda ukamwombe radhi mama yako. Kitu cha mtu mzima hakichukuliwi kimyakimya.

Mrithi wa Sufuria
Dada, nilitaka iwe zawadi. Nikimwambia sasa ataona nimeharibu, wakati tatu zimetoka vizuri.

Mizani Haidanganyi
Radhi ni yako na mama. Mimi naomba mkate. Akiukanda, usimuulize "kiasi gani", atakubunia namba kukuridhisha. Pima vyombo. Mfuko wa unga kabla ya kuchota na baada, jagi la maziwa vilevile, toa. Rudia siku tatu, maana mkono hautoi kipimo kile kile kila siku. Vitu vya chini ya gramu 10 pima kwa mizani inayosoma 0.1. Swali la kumuuliza ni "umejuaje kwamba imetosha?" Hapo atakuambia donge halishiki kidole, au chini ya mkate panalia kama ngoma ukigonga. Simu iwe juu ya mikono yake, si usoni, na sauti usizime.

Ukishapata namba, geuza asilimia ya unga. Unga ni 100, vingine vyote vinapimwa dhidi yake. Mjukuu akitaka nusu au mara tano, hesabu haimpotezi.

Mrithi wa Sufuria
Asubuhi hii ameoka. Niliwahi kupima kabla hajaingia. Mfuko 1,840, baadaye 1,315. Jagi la maziwa 690, baadaye 348. Hamira pakiti nzima ya gramu 7. Chumvi ametia kwa kiganja, sikuweza.

Mizani Haidanganyi
Unga 525, maziwa 342, ni asilimia 65. Hamira 1.3. Hayo mazuri. Chumvi kwa kawaida huwa asilimia 2, ingekuwa kama gramu 10.5, lakini usiandike ya kukisia. Ni laini au ya mawe? Kijiko cha chai cha laini ni kama gramu 6, cha mawe kinaweza kuwa nusu yake. Mwombe atie kiganja kile kile juu ya mizani.

Mrithi wa Sufuria
Nikimwomba hivyo ataniuliza kwa nini.

Bi Mwiko
Ehee.