Sauti ya upepo na kupaliwa maji baada ya kutolewa bomba la kupumulia

Nesi_Wodini: Habari za kazi wakuu. Mwanaume wa miaka 54, amekaa na bomba kooni siku 14, limetolewa siku 5 zilizopita. Sauti ni upepo mtupu, kikohozi hakina nguvu, maji na chai vinampalia lakini ndizi za kuponda zinapita. Ndugu wanasema koo limechubuka tu. Ni mchubuko au neva? Na nimlisheje wakati tunamsubiri daktari wa masikio, pua na koo?

Koromeo: Sauti iliyokauka kwa mchubuko huanza kurudi ndani ya siku chache. Upepo, kikohozi dhaifu na kupaliwa vitu vyepesi vikija pamoja, shuku uzi wa sauti usiofunga. Puto la bomba (linalojazwa hewa ili kuziba nafasi kuzunguka bomba) likikaa karibu mno na nyuzi za sauti, hubana tawi la neva linalopita upande wa ndani wa gegedu la koo. Shinikizo la puto linatakiwa liwe sentimita 20 hadi 30 za maji, kwa kipimo. Kubonyeza kwa vidole kiputo cha nje kilichounganishwa nalo ni kubahatisha.

Ila usiandike "neva" kwenye faili bado. Kigegedu kinachoshika uzi kikiteguka wakati wa kuingiza bomba, dalili ni zilezile. Aingiziwe kamera nyembamba puani akiwa macho, aseme "iii", kisha anuse kwa nguvu. Akipumua kwa mlio wa filimbi, hiyo ni dharura: huenda nyuzi zote mbili zimeganda katikati. Hapo sauti inaweza hata kuwa nzuri, isikudanganye.

Mlo_Salama: Kutokohoa si ushahidi kwamba yuko salama. Baada ya bomba, koo huweza kufa ganzi na maji yakaingia kwenye mapafu kimyakimya. Baada ya kila kijiko mwambie aseme "aaa". Sauti ikiwa na majimaji, au akianza kuhema, simamisha.

Akae wima kabisa, kijiko cha chai kimoja kimoja, kidevu kishuke kifuani. Upande dhaifu ukishajulikana, ageuzie uso upande huohuo: njia ya upande ule inajifunga, chakula kinapita kwenye upande mzima. Abaki amekaa nusu saa. Mswaki asubuhi na jioni, maana mate machafu yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia. Supu yenye vipande ni mtego: mchuzi unatangulia akiwa bado anatafuna. Vidonge vya kuachia dawa polepole visisagwe.

Nesi_Wodini: Asante. Uji mzito je?

Mlo_Salama: Mimina kidogo kidogo kwenye kikombe kingine. Kijiko kinachotoka mdomoni kikirudi kwenye bakuli, mate huyeyusha wanga, na ndani ya dakika chache uji uliokuwa mzito unakuwa maji. Wengi hupaliwa mwishoni mwa bakuli kwa sababu hii. Akishindwa hata mzito, wekeni mpira wa kulishia unaopita puani hadi tumboni.

Koromeo: Asilazimishe kunong'ona wala kupaza sauti. Neva iliyobanwa tu hurudi kwa wiki au miezi, ndiyo maana upasuaji wa kudumu husubiri hadi miezi 6 hata 12. Kupaliwa hakusubiri: uzi uliolegea unaweza kudungwa jeli ya muda ukasogea katikati, na mwili huifyonza baada ya miezi michache.