Tupeane uzoefu: kipimo kilichowahi kukupa majibu ya uongo

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za wakati huu. Mama yangu ana kisukari na mimi ndiye ninayempima. Jioni moja msimu wa maembe mashine ikasoma 21.4. Kawaida yake ni 7 mpaka 9. Kidole cha pili, mkono uleule: 18.9. Mwenyewe katulia, hana kiu, ananiuliza mbona uso umenibadilika. Nilishashika sindano ya insulini, napiga hesabu ya kuongeza dozi. Namshukuru Mungu nilimpigia kwanza muuguzi wa kliniki. Akauliza, "Mama ameshika nini?" Alikuwa amewamenyea wajukuu embe dodo! Nikamwambia nimemfuta kwa spiriti. Akasema spiriti haiondoi sukari ya tunda: mwoshe kwa maji na sabuni, mkaushe, tone la kwanza lifute, pima la pili. Ikasoma 8.1.

Tone lenyewe ni dogo mno, kwa hiyo maji ya embe kidogo tu yaliyobaki kwenye ngozi yanaharibu hesabu yote. Ningemchoma dozi ile, sukari ingeshuka usiku amelala. Nikikumbuka natetemeka. Nani mwingine yamemkuta?

Baba wawili, Morogoro
Pole sana mkuu. Mwanangu alimaliza dawa mseto, akapona kabisa. Siku ya kumi akashikwa na mafua na homa kidogo, wakampima malaria kwa kile kipimo cha haraka: chanya. Wakataka aanze dozi upya. Nikampeleka kwenye hadubini, hawakuona kimelea hata kimoja. Daktari akanieleza kwamba kipimo kile kinanasa protini ya vimelea, nayo hubaki kwenye damu wiki kadhaa hata wakishakufa. Kwa hiyo ukienda kupima, sema kama umemeza dawa ya malaria karibuni.

Dada wa Lamu
Mimi nililazwa siku chache baada ya harusi ya mdogo wangu, vidole vyote vina piko. Mashine ya oksijeni ya kidoleni ikasoma 84, mara haisomi kabisa. Wakaihamishia kwenye ndewe ya sikio: 98. Inapima kwa mwanga unaopenya kidole, na rangi nyeusi inauzuia.

Muuguzi wa zahanati
Ninayoiona kila siku ni presha. Mtu katoka kutembea juani, mkojo umembana, anaongea na simu, na mkanda ni mdogo kuliko mkono wake. Yote hayo yanapandisha. Juzi mzee alisoma 168/96. Nikamkalisha dakika 5, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono usawa wa moyo, nikamfunga mkanda mkubwa: 138/84. Kwa kile kipimo cha kwanza angeandikiwa dawa za presha, azimeze miaka.

Mwanzisha mada
Muuguzi, umenishtua. Nimeutoa mkanda wa mama sasa hivi, umeandikwa sm 22–32. Nimemzungushia futi ya cherehani mkononi: sm 36. Kesho naufuata mkubwa.