Plagi imeingia, lakini umeme ni mwingine

Wapendwa, habari za siku. Nimehama kutoka Marekani kuja Uingereza na sanduku zima la vifaa: kompyuta, chaja, blenda, draya ya nywele na maikrowevu. Adapta ninayo tayari. Naweza kuchomeka tu?

—

Dada, pole na safari. Usichomeke chochote kabla hujasoma kibandiko chake. Adapta inabadilisha umbo la plagi basi, volti haizigusi. Ulikotoka umeme ni volti 120, hapo ulipo ni 230.

Pindua kila kifaa utafute maandishi madogo ya INPUT, ikibidi kwa tochi ya simu. Ukikuta "100–240V 50/60Hz", chomeka bila wasiwasi. Chaja za simu na kompyuta karibu zote ziko hivyo. Ukikuta "120V 60Hz" peke yake, weka pembeni.

Nasisitiza kwa sababu niliunguza blenda aliyoniachia marehemu mama. Niliibonyeza, ikalia kwa ukali ambao sijawahi kuusikia, cheche za buluu zikamulika kwenye matundu ya chini, na kabla mkono haujafika kwenye swichi moshi ulishatoka. Hadi leo inaniuma.

Draya ni hatari zaidi. Volti zikikaribia kuwa mara mbili, mkondo nao unakaribia kuwa mara mbili, na wati ni volti mara mkondo, kwa hiyo draya ya wati 1500 itataka kuvuta zaidi ya wati 5000. Haitadumu, na wewe umeishika karibu na kichwa.

Blenda yako itafaa kwa transfoma ya kushusha volti, yenye wati nyingi kuliko za blenda, maana mota ikianza kuzunguka huvuta zaidi. Transfoma ya kweli ni nzito, ina chuma na koili ndani. Vile vigeuzi vyepesi vya wasafiri vinavyodai wati nyingi usivikaribishe kwenye kifaa chenye saketi za elektroniki. Vinakatakata umeme, havishushi volti vizuri.

Maikrowevu ningeiuza. Wati zilizoandikwa mlangoni ni za kupikia, zinazovutwa ukutani ni nyingi zaidi, kwa hiyo transfoma yake ingekuwa kubwa mno. Halafu transfoma haibadilishi hezi (Hz), yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde: Marekani ni 60, hapo ulipo ni 50. Maikrowevu nyingi za zamani hupata joto kupita kiasi kwa hezi 50, na saa inayohesabu kwa mawimbi ya umeme itachelewa dakika 10 kila saa.

—

Asante sana kaka, na pole kwa blenda ya mama. Chaja na kompyuta ni 100–240V. Blenda na maikrowevu ni 120V tu. Ila draya ina kitundu chenye mfereji, kimeandikwa 125 na 250. Hicho ni nini?

—

Basi hiyo ni draya ya volti mbili, umebahatika. Ikiwa haijachomekwa, ingiza sarafu kwenye huo mfereji uzungushe mpaka mshale ukae kwenye 250, ndipo utumie adapta. Ukisafiri kurudi Marekani irudishe 125. Ukisahau huko itapuliza hewa ya uvuguvugu tu. Ukisahau hapo ulipo, itaungua. Mimi ningebandika tepu juu ya kitundu, mtoto asije akakichezea.