Tupeleke vijana Katesh, au tupeleke sadaka peke yake?

Katibu wa Vijana, Arusha

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni katibu wa vijana katika usharika mmoja wa hapa Arusha. Tangu matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, na kuufunika sehemu ya mji wa Katesh na kijiji cha Gendabi, usharika wetu umekuwa ukichangishana, na wazee wa kanisa wameruhusu sadaka maalumu. Vijana 34 wamejiandikisha kwenda kujitolea kwa siku nne baada ya Krismasi. Marobota ya nguo yameijaza ofisi ya usharika hadi mlango haufungi, na kwaya nayo imeomba nafasi kwenye basi.

Katika kikao cha juzi mzee mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha sote. Alisema kwamba, kwa hesabu aliyoipiga, kukodi basi na kuwalisha vijana hao kutamaliza zaidi ya nusu ya sadaka yote, hivyo akataka kujua iwapo safari hii ni ya waathirika au ni ya kwetu sisi. Vijana wameudhika, lakini mimi sikuwa na jibu. Naomba ushauri wa yeyote aliyewahi kwenda kwenye maafa, au aliye huko sasa.

Mama wa Katesh

Katibu mwanangu, asante kwa kuuliza kabla ya kuja, maana wengi huuliza wakiwa wameshashuka kwenye gari.

Nyumba yangu ilisalimika, ila tangu siku ile nimewapokea ndugu tisa ambao nyumba zao zimekwenda na maji. Naanza na hilo kwa sababu ndilo wageni wasiloliona. Waliowekwa kwenye kambi za shuleni wameandikwa majina, na misaada inapofika inawakuta. Waliojihifadhi kwa jamaa ni vigumu kuwahesabu, na mwenyeji wao, aliyekuwa na debe mbili za mahindi za kumfikisha Machi, anazimaliza kabla ya mwaka mpya. Kama kanisa lenu litapitia kwa wenyeviti wa vitongoji na wazee wa sharika za huku, litawapata watu hawa kwa majina.

Kuhusu kuchimba matope, wanajeshi wamefanya kazi kubwa na mitambo imefungua barabara na kusafisha eneo la soko. Hata hivyo mtambo hauingii chumbani. Ndani ya nyumba zilizobaki zimesimama matope yamekauka hadi usawa wa dirisha, yakiwa yamechanganyika na magogo, mawe na vioo, na kuyatoa kunataka koleo, ndoo na mikono ya watu wenye nguvu. Wakija vijana kumi wenye buti za mpira na glovu, tena waliochanjwa pepopunda, nitawaonyesha nyumba za wajane za kuwatosha siku zote nne.

Nguo, mwanangu, zimetosha. Katika furushi moja lililoletwa kwangu nilikuta gauni la bibi harusi na viatu vinne, vyote vya mguu wa kushoto. Huku usiku ni baridi, na tunachokosa ni mablanketi, sufuria, ndoo zenye mfuniko na taulo za kike.

Jambo la mwisho ni la maneno. Serikali ilishaeleza kwamba haikuwa volkano, bali sehemu ya mlima iliyolowa mvua ilimeguka ikashuka na kila kitu kilichokuwa mbele yake, lakini kuna mgeni aliyesimama mbele ya watu waliozika watoto akawahubiria kuwa ni adhabu. Mkija na mahubiri ya namna hiyo, ni heri mbaki.

Fundi Seremala, Morogoro

Ndugu Katibu, mzee wenu ameuliza vizuri, ila nisingependa swali lake liwafanye mbaki nyumbani. Mimi nilikwenda Kilosa na kundi la kanisa baada ya mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulipovunja kingo. Tulikuwa zaidi ya arobaini, na hatukuwa tumeiarifu kamati ya maafa ya wilaya. Tulilala kwenye darasa ambalo lingehifadhi familia kadhaa, tukanywa maji yaliyoletwa kwa ajili yao, tukapiga picha nyingi, tukarudi tumeridhika. Naona aibu hadi leo.

Nilirudi baada ya miezi mitatu, peke yangu, na boksi la vifaa vya useremala. Magari ya misaada yalikuwa yamepungua sana na bado watu walikuwa kwenye mahema. Kwa wiki mbili nilitengeneza milango na vitanda, na siku hizo mbao nilizonunua zilifaa kuliko safari yote ya kwanza. Ushauri wangu ni kwamba msione haya kuchelewa. Chagueni watu kwa ufundi wao, si kwa hamu yao, kisha mpige simu ofisi ya mkuu wa wilaya kabla ya kukodi chochote.

Mtunza Hazina Mstaafu

Naongeza la fedha tu. Msinunue mablanketi Arusha. Nunueni Babati, na kinachopatikana Katesh kinunuliwe Katesh penyewe, kwa sababu wafanyabiashara wa pale nao walipoteza mali sokoni, na mtu aliyefilisika hupona haraka akipata mnunuzi kuliko akipata mfuko wa unga. Stakabadhi zisomwe kanisani mbele ya waumini wote, pamoja na gharama ya usafiri, hata kama itawaumiza.

Katibu wa Vijana, Arusha

Nawashukuru sana. Jana tulikaa tena. Watakwenda watu tisa kwa gari dogo: maseremala watatu, mafundi cherehani wawili, vijana watatu wa kuchimba, na yule mzee aliyeuliza swali, ambaye amekubali kuwa mtunza fedha wa safari. Tumeisogeza hadi Januari, shule zikifunguliwa, ili mafundi cherehani washone sare za watoto waliopoteza zao. Kwaya haikufurahi.

Marobota ya nguo tutayanadi Jumapili ijayo baada ya ibada, kama tunavyonadi ndizi na kuku za sadaka, na fedha zitanunua vitambaa. Mama, lile gauni la harusi kama bado unalo, tutalipitia.

Mama wa Katesh

Lipo, mwanangu. Na hivyo viatu je?