Muhula wa kwanza Ujerumani: mtihani umenipita nikiuona

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo?

Nipo Ujerumani tangu Oktoba kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Niliahidi kusimulia maisha ya chuo nikishapata la kusema. Sasa ninalo, ila mwisho wake ni kilio.

Nianze na kichekesho. Ratiba ilisema kipindi ni saa 4 asubuhi. Nikafika mapema, ukumbi mtupu. Nikasubiri hadi saa 4 na dakika 5, nikajua kimeahirishwa, nikarudi zangu chumbani. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu jirani yangu bwenini ndiye aliyenionyesha herufi mbili kando ya saa: c.t. Ni Kilatini, cum tempore, yaani kipindi kinaanza robo saa baadaye. Ikiandikwa s.t. ndiyo saa kamili. Basi mie niliyekuwa nawahi ndiye niliyekosa vipindi viwili! Nilipohudhuria hatimaye, mwishoni ukumbi mzima ukagonga meza kwa vifundo vya vidole. Nikadhani mhadhiri kawaudhi watu. Kumbe ndiyo makofi yao.

Alama nazo zimepinduka: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 umeponea, 5.0 umefeli. Nilipopewa 1.7 sikulala.

Sasa kilio. Kuna somo nilijiunga nalo kwenye mtandao wa chuo tangu wiki ya kwanza. Napakua slaidi, nakusanya mazoezi, mhadhiri ananijua kwa jina. Nikaona nimo. Kumbe kujiunga na somo ni jambo moja, kujiandikisha kwa mtihani ni jingine, tena kwenye mfumo tofauti, na ule mlango umefungwa katikati ya Januari. Darasani hakuna aliyetangaza, wala hakuna kiranja wa kukufuatilia. Mhadhiri kanijibu kwa upole kwamba hana mamlaka ya kuniongeza, niende ofisi ya mitihani. Ofisi ya mitihani wanasema tarehe imepita. Nitabaki na pointi 24 za ECTS (mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa masomo) badala ya 30 nilizosaini na chuo changu cha nyumbani. Nifanyeje?

---

Marahaba mdogo wangu, na pole.

Acha barua pepe, nenda kwa miguu yako, na usianzie tena ofisi ya mitihani. Anzia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Vyuo vingine huwaandikisha wa kubadilishana kwa fomu ya karatasi, nje ya ule mfumo, na wa ofisi ya mitihani hufuata tu kinachosomeka kwenye skrini. Ukiwa huko uliza kama somo lako lina mtihani wa awamu ya pili. Masomo mengi huwa nao Machi, kabla muhula wa kiangazi haujaanza Aprili.

Na mwandikie mratibu wako wa nyumbani leo hii. Yale makubaliano ya masomo yanabadilishika, mradi wewe na vyuo vyote viwili msaini. Mimi nilikosa mtihani hivyohivyo mwaka wangu wa kwanza, nikaona aibu, nikanyamaza miezi miwili. Kule kunyamaza ndiko kulikoniponza. Ile tarehe ingerekebishika.

---

Nachomekea kidogo, kwa kuwa ndugu yetu anakaa bwenini. Ukishajiandikisha anwani kwa manispaa, itakufuata barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Usiitupe ukidhani ni tangazo, hata kama huna televisheni. Inalipwa kwa makazi: mkishirikiana nyumba mnagawana, ila chumba cha bweni kinachofungukia korido ya wote huhesabiwa makazi peke yake. Mie niliitupa mara tatu. Ya nne ilikuja na faini.

---

Dada, asante sana. Kaka, barua hiyo ninayo, nilikuwa naitumia kuashiria ukurasa kitabuni.

Nimetoka ofisi ya kimataifa sasa hivi. Fomu ya karatasi ipo kweli, ila inataka sahihi ya mhadhiri, naye huonana na wanafunzi Alhamisi saa 8 mchana. Mlangoni kwake hakukuandikwa c.t. wala s.t. Nitakuwa pale saa 7 na nusu.